Tumbaku ya Rahisi ya Nchelenge: Hesabu ya Kiko na Hesabu ya Nyumba

Wapenzi wasomaji, katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya sufuria, sabuni, akiba ya chakula na malezi ya watoto. Leo nitazungumza juu ya kiko. Najua wapo akina mama watakaokunja uso na kusema kwamba kiko ni jambo la wanaume barazani, halina nafasi katika kurasa za nyumbani. Nawaomba wavute subira. Nilidhani hivyo hivyo mpaka nilipokwenda Nchelenge mwezi wa Januari, na huko ni mwanamke aliyenipa kazi ya kuichunguza tumbaku ya mumewe.

Mwanamke huyo ni mama yangu mkubwa. Aliolewa akitoka Ufipa miaka mingi iliyopita, akavuka mpaka na kuweka maskani yake kando ya Ziwa Mweru. Nilikuwa sijamwona kwa muda mrefu. Nilipopata likizo, nilipanda basi hadi Tunduma, nikavuka Nakonde, nikapita Kasama na Luwingu hadi Mansa, kisha nikafuata barabara ya bonde la mto Luapula kupitia Mwense na Mwansabombwe hadi nikafika ziwani.

KANDO YA ZIWA MWERU

Kwa wasiofahamu sehemu hizo, Nchelenge ni wilaya ya Jimbo la Luapula, kaskazini mwa Zambia. Ziwa Mweru lina urefu unaopita kilomita 100, na mpaka wa Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo unapita katikati ya maji. Mto Luapula huingia ziwani upande wa kusini. Maji hutoka upande wa kaskazini, karibu na mji wa Pweto, kwa mto Luvua, nayo huishia katika Lualaba. Kuna kisiwa kinachoitwa Kilwa, lakini msomaji asidhani ni Kilwa yetu ya Pwani.

Kiswahili si kigeni huko. David Livingstone alipofika katika mji wa Mwata Kazembe mwezi Novemba mwaka 1867, alimkuta huko mfanyabiashara Muhammad bin Saleh, ambaye alikwisha kukaa kwa miaka mingi. Ng'ambo ya ziwa, huko Katanga, Msiri na wafuasi wake walitoka nchi ya Unyamwezi, wakaanzisha utawala wa Wayeke huko Bunkeya. Hata leo, ingawa lugha kubwa ya Nchelenge ni Kibemba, sokoni Kashikishi mtu wa Kiswahili hapotei, kwa sababu wafanyabiashara wa Kongo huvuka kila mara na bidhaa zao. Tena, tangu mwishoni mwa mwaka 2017, maelfu ya watu waliokimbia vita vya Kongo waliingia wilayani humo, na mwaka 2018 wakafunguliwa makazi ya Mantapala. Wengi wao walikuja na Kiswahili chao.

Nilifika katika msimu ambao wenyewe huuona mgumu. Kila mwaka, tangu tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, serikali ya Zambia hufunga uvuvi ili samaki wapate kuzaana. Ni sheria ya busara, maana bila hiyo ziwa lingekwisha. Lakini katika miezi hiyo mitatu fedha hupungua mikononi mwa watu, na kila kitu cha bei ndogo hupata wanunuzi wengi. Ndivyo tumbaku ya rahisi ilivyoingia katika nyumba ya mama yangu mkubwa.

OMBI LA MAMA MKUBWA

Baba mkubwa ni mzee aliyefanya kazi migodini Mufulira katika ujana wake. Kutoka huko alirudi na vitu viwili anavyovithamini: baiskeli, ambayo sasa haina hata gurudumu, na kiko cha mti chenye mrija mweusi. Kwa miaka mingi mwanawe aliyekuwa kazini Kitwe alimletea kopo moja la tumbaku, gramu 50, kila mwisho wa mwezi. Mzee alilifanyia iktisadi. Alivuta kiko kimoja tu kila siku, jioni, baada ya chakula. Na kopo lilimfikisha salama mwezi mwingine. Mwanawe alipopoteza kazi, makopo yakakoma. Mzee hakuacha kiko. Akaanza kununua mchanganyiko unaouzwa kwa kikombe sokoni.

Siku ya pili ya kufika kwangu, mama mkubwa aliniita jikoni. Akasema, "Mwanangu, wewe umesoma, tena naona nawe unavuta kiko kama baba yako mkubwa. Nataka univutie tumbaku yake hii mpya, kisha uniambie ni kitu gani. Tangu aianze anakohoa usiku, na hapa mdomoni, mahali anaposhikia mrija, ana kidonda ambacho tangu mwezi wa Novemba hakijapona. Nikimwambia, anasema ni baridi."

Nilimjibu, "Nimekusikia, mama. Nitafanya hivyo."

Naam, ndugu wasomaji, ni lazima nikiri. Mimi mwenyewe nilikuwa mvutaji wa kiko tangu nilipokuwa chuo cha ualimu. Niliona kwamba kiko kina heshima kuliko sigara, tena gharama yake ni ndogo. Kwa hiyo nilikubali ombi lile kwa furaha kidogo, nikidhani nitapata jambo la kupendeza la kuwaandikia.

NINI KIMO NDANI YA KIKOMBE

Nilikwenda sokoni asubuhi. Mwuzaji alikuwa mama mmoja kutoka upande wa Pweto, mwenye adabu na maneno mengi. Tumbaku yake ilikuwa ndani ya beseni, imefunikwa kwa nailoni ili mvua isiiharibu. Akaniambia, "Baba, hii ni muzuri sana, bazee bote banapenda." Nililipa kwacha 10 kwa kikombe kilichojaa, nami nikafungiwa katika karatasi ya daftari.

Nyumbani niliitandaza juu ya gazeti na kuitazama kama mwalimu anavyotazama madaftari. Kabla sijaeleza nilichokiona, yafaa nieleze kidogo jinsi tumbaku inavyotengenezwa, maana tofauti ya ladha na ya bei hutoka huko.

Jani la tumbaku likichumwa halivutiki. Ni lazima likaushwe, na zipo njia nne kubwa. Ya kwanza ni ya mvuke. Majani hutundikwa ndani ya bani, na joto la moto hupitishwa ndani ya mabomba bila moshi kugusa majani. Kazi hiyo huchukua karibu juma moja. Jani hugeuka rangi ya dhahabu, nalo hubaki na sukari nyingi. Hii ndiyo tumbaku ya Tabora na Urambo, mahali ambapo mpango mkubwa wa Waingereza wa kulima karanga ulishindwa baina ya mwaka 1947 na 1951, na baadaye tumbaku ikashika nafasi yake. Zambia pia huilima kwa wingi.

Njia ya pili ni ya hewa. Majani hutundikwa kivulini kwa majuma kadhaa, pasipo moto, mpaka yawe ya rangi ya kahawia. Hii ndiyo iitwayo burley, ambayo wakulima wa Jimbo la Mashariki la Zambia wanaifahamu sana. Haina sukari nyingi, lakini ina nikotini ya kutosha, tena hunywa harufu yoyote inayotiwa. Njia ya tatu ni ya moshi, kama ile ya Songea na Namtumbo, ambapo moto wa kuni huwashwa chini ya majani yenyewe, nayo huwa meusi yenye harufu ya moshi. Ya nne ni ya jua, ambayo mwanakijiji yeyote anaweza kuifanya juu ya paa la nyumba yake.

Wachanganyaji wa nchi za nje hutumia elimu hiyo. Jani la mvuke huleta utamu, lakini huchoma ulimi. Jani la hewa huleta uzito na kupoza ule ukali wa ulimi. Jani la moshi hutiwa kidogo tu, kama mpishi anavyotia pilipili. Michanganyiko yao ya bei nafuu aghalabu huwa na burley nyingi, ikatiwa sukari, kakao au harufu nyingine tamu, ili mvutaji asijali ubora wa jani lenyewe.

Sasa, kile kikombe cha Kashikishi. Niliona vipande vya rangi ya dhahabu, yumkini mabaki ya tumbaku ya mvuke. Niliona kahawia nyingi ya burley. Niliona pia majani meusi mazito, ambayo mwuzaji aliniambia yamelimwa kando ya mto na kukaushwa juani, yaani ile tumbaku ambayo Wabemba wenyewe huiita fwaka. Kisha akaniambia bila kuficha kwamba mchanganyiko wote hunyunyiziwa maji ya sukari.

Nilitenga vijiti na mishipa ya majani upande mmoja. Vikafika kama robo ya kikombe. Halafu nilichukua konzi moja ya tumbaku, nikaitia katika bilauri ya maji, nikaikoroga na kuiacha. Baada ya nusu saa chini ya bilauri palikuwa na mchanga, mwembamba kama ule wa ufukweni wanapoanika chisense, yaani dagaa wa ziwa lile. Mwisho nilinusa. Chini ya ule utamu palikuwa na harufu ya ukungu. Tumbaku iliyotiwa maji ya sukari na kufunikwa kwa nailoni wakati wa mvua, ni lazima ioze kidogo.

SIKU TATU ZA MAJARIBIO

Jioni ya kwanza tuliketi barazani, mimi na baba mkubwa. Mvua ilikuwa imetulia, na ziwa lilionekana jeusi. Mzee alinifundisha namna ya kukijaza kiko kwa tumbaku ya aina ile. Kwanza unatia kidogo bila kushindilia, kisha unaongeza na kushindilia kidogo, na mwisho unafunga juu kwa kidole gumba. Ukishindilia sana chini, hewa haipiti. Ukiilegeza juu, inawaka mara moja na kuunguza mdomo.

Niseme ukweli, maana ukurasa huu haukuanzishwa kwa ajili ya kudanganya watu. Theluthi ya kwanza ya kiko kile haikuwa mbaya. Ilikuwa na utamu wa miwa iliyochomwa, na moshi wake ulikuwa mpole. Nilimwambia mzee, naye akacheka, akasema, "Sikukwambia? Wazungu wanatuuzia kopo, si tumbaku."

Theluthi ya pili ilianza kuchoma ulimi. Ya tatu ilileta maji machungu mrijani, na kijiti kimoja kilipasuka kwa cheche, kikaniangukia kwenye suruali. Nilipomaliza, kwikwi ilinishika kwa robo saa nzima, na kichwa kilikuwa chepesi. Mwenye kujua atatambua kwamba hizo ni dalili za nikotini nyingi.

Siku ya pili niliianika tumbaku kwanza, nikaitoa vijiti vyote. Ilikuwa bora, ila ukali haukupungua. Siku ya tatu nilivuta kwa utaratibu, pumzi ndogo ndogo, na ulimi haukuungua. Kwa hiyo, ikiwa swali ni moja tu, yaani je, mchanganyiko huu unavutika, jibu langu ni ndiyo. Ukiuchambua, ukiuanika na kuuvuta polepole, hauko mbali sana na baadhi ya makopo yanayouzwa madukani kwa bei ya kutisha.

Lakini hilo halikuwa swali la mama mkubwa.

HESABU YA NYUMBA

Nilihesabu. Kikombe kimoja cha kwacha 10 kilitoa viko 22 vya ukubwa wa kiko cha mzee. Kwa hiyo kila kiko kinagharimu kama ngwee 45. Kwa mtu anayevuta kiko kimoja kila jioni, vikombe 17 vingemtosha mwaka mzima, yaani kama kwacha 170. Hiyo ndiyo hesabu aliyokuwa nayo baba mkubwa kichwani.

Lakini mzee hakuwa tena mtu wa kiko kimoja. Nilipomtazama kwa siku tatu, niliona anavuta viko sita: alfajiri, baada ya chai, saa nne, adhuhuri, magharibi na kabla ya kulala. Kopo la mwanawe lilimfundisha kiasi kwa sababu lilikuwa adimu. Kikombe cha sokoni kilimwondolea kiasi hicho kwa sababu kipo kila siku. Kwa viko sita, kikombe hakimalizi siku nne. Kwa mwaka ni vikombe karibu 100, na karibu kwacha 1,000. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Mama mkubwa, ambaye huuza chisense wakavu kwa vipimo vidogo vidogo ili amnunulie mjukuu madaftari na sare, hakuwahi kuiona hesabu hiyo imeandikwa. Nilipomwonyesha, alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza, "Na kile kidonda je?"

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema kama mtu aliyesoma, si kama mvutaji.

Kuna imani iliyoenea kwamba kiko hakina madhara kwa kuwa mvutaji hamezi moshi. La hasha. Moshi wa tumbaku iliyokaushwa kwa hewa una tabia ya kupenyeza nikotini moja kwa moja katika ngozi ya ndani ya kinywa. Kwa hiyo mvutaji wa kiko hupata ulevi wake bila kuvuta moshi kifuani, na kinywa chake ndicho hubeba mzigo. Mwaka 1950 Richard Doll na Austin Bradford Hill wa Uingereza walichapisha utafiti wao ulioonyesha uhusiano wa sigara na saratani ya mapafu. Mwaka 1964 taarifa maarufu ya mganga mkuu wa Marekani ilisema wazi kwamba uvutaji wa kiko ni chanzo cha saratani ya mdomo. Tangu hapo elimu imeongezeka, nayo imetaja koo, ulimi, umio na mapafu. Leo Shirika la Afya Duniani linahesabu watu zaidi ya milioni 7 wanaokufa kila mwaka kwa ajili ya tumbaku, na miongoni mwao wamo wasiovuta kabisa, ila huishi na wavutaji.

Haijalishi kama tumbaku imetoka katika kopo la Ulaya au katika beseni la Kashikishi. Tofauti ya beseni ni kwamba haina maandishi yoyote. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku, uliopitishwa Geneva mwaka 2003, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2007 na Zambia ikajiunga nao mwaka 2008, unataka kila pakiti iwe na onyo. Karatasi ya daftari haina onyo, haina uzito, wala haisemi nani ameichanganya na kwa kitu gani. Mnunuzi hulipa kidogo, na hajui anacholipia.

Nilimwambia mama mkubwa kwamba kidonda cha mdomoni kisichopona kwa majuma matatu, kwa mtu anayevuta, hakingojewi. Kinapelekwa hospitali.

KAA LA MOTO

Hata hivyo, wapenzi wasomaji, si kidonda kile kilichonifanya niandike makala haya. Ni jambo dogo nililoliona jioni ya mwisho.

Kiberiti kilikuwa kimelowa. Baba mkubwa akamwita mjukuu wake, msichana wa miaka tisa, akampa kiko kilichojazwa tayari. "Mjukuu wangu, kaniwashie." Mtoto akakipokea kwa mikono miwili, kwa adabu kabisa, kama alivyofundishwa kupokea kitu kwa mkubwa. Akaenda jikoni kwenye jiko la makaa, ambalo huko huitwa mbaula. Akachukua kaa dogo kwa vijiti viwili, akaliweka juu ya tumbaku. Kisha, ili moto ushike, akatia mrija kinywani mwake na kuvuta mara tatu, nne. Moshi ukamtoka puani. Hakukohoa hata kidogo. Akaja akipiga magoti, akamkabidhi babu yake kiko kinachowaka.

Mzee alimshukuru. Mimi nilitazama chini. Mtoto asiyekohoa si mgeni wa moshi. Alikuwa akifanya kazi hiyo mara ngapi kwa siku? Viko sita. Na mrija aliouweka mdomoni ndio ule ule ulioshikwa na mdomo wenye kidonda.

Nilikumbuka kwamba hata mimi nilifundishwa kuvuta kwa njia ile ile, nikimwashia babu yangu msokoto kwenye moto wa jikoni, nikisifiwa kwamba ni mtoto mtiifu. Hakuna aliyekusudia kunidhuru. Ilikuwa heshima tu. Nilipofika chuoni na kununua kiko changu cha kwanza nilidhani nimejichagulia mwenyewe, kumbe nilikuwa nimekwisha kuchaguliwa nikiwa na miaka minane.

Nilimwambia baba mkubwa kwa upole, maana mtu mzima haambiwi mbele ya mjukuu. Nilingoja mtoto akalale. Nikasema, "Baba mkubwa, sikuja hapa kukufundisha. Nawe ukitaka kuvuta, wewe ni mzee wa nyumba hii. Lakini naomba jambo moja. Huyu mtoto asikuwashie tena."

Alikaa kimya kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Hata mimi nilimwashia babu yangu." Nikajibu kwamba na mimi pia. Hatukusema zaidi. Lakini asubuhi, alipotaka kiko chake, aliinuka mwenyewe akaenda jikoni, akitembea polepole kwa sababu ya magoti. Nilimsikia mama mkubwa akimwuliza anatafuta nini.

YALIYOFUATA

Nilirudi nyumbani na nusu ya kile kikombe katika mkoba wangu. Sikutaka kuitupa, kwa kuwa mvutaji hatupi tumbaku. Jioni ya kwanza niliketi kibarazani, nikakijaza kiko kama nilivyofundishwa. Binti yangu, ambaye ana miaka sita, alitoka ndani akauliza, "Baba, nikuletee kaa?"

Sikuwahi kumtuma. Alikuwa ameona tu jinsi ninavyokwenda jikoni mwenyewe mvua ikinyesha, naye akataka kumsaidia baba yake. Nilimwambia hapana, arudi kulala. Kisha nikaimwaga tumbaku ile katika shimo la takataka. Hii ni wiki ya sita sijagusa kiko. Sijisifu, kwa maana jioni huwa ndefu, na mara mbili nimejikuta nimekishika mkononi kikiwa kitupu. Mazoea yana tabu.

Wiki iliyopita mama mkubwa alinipigia simu. Baba mkubwa alikubali hatimaye kwenda hospitali. Walikata kipande kidogo cha kile kidonda na kukipima. Majibu yamekuja: si saratani. Ila daktari amemwambia kwamba kuna utando mweupe kinywani ambao akiendelea kuvuta unaweza kugeuka, na akiacha huenda ukaondoka wenyewe. Nilimwuliza kama ameacha. Mama mkubwa akacheka, akasema, "Amerudi kwenye kiko kimoja cha jioni. Anajiwashia mwenyewe. Daktari anataka arudi mwezi ujao, nami nitakwenda naye."

USHAURI KWA NYUMBA ZENYE KIKO

Kwa akina mama na akina baba wenye mvutaji nyumbani, awe wa kiko, sigara au msokoto, natoa mawaidha haya machache.

Kwanza, andikeni hesabu. Msigombane juu ya moshi. Wekeni daftari, mwandike kila siku kimenunuliwa nini, na mwisho wa mwezi msome pamoja mume na mke. Tarakimu husema bila kutukana.

Pili, mtoto asitumwe kununua tumbaku, asitumwe kuiwasha, wala asipewe kiko kukisafisha. Sheria yetu ya mwaka 2003 inakataza kumwuzia tumbaku mtoto aliye chini ya miaka 18. Basi tusiivunje sisi wenyewe majikoni mwetu. Samaki mkunje angali mbichi, na hilo huenda kwa mema na kwa mabaya.

Tatu, mvutaji avutie nje, mbali na chumba wanamolala watoto na mbali na makuti, nyasi na nyavu. Cheche moja ya kijiti yatosha kuteketeza nyumba.

Nne, kidonda au utando wa kinywani usiopona kwa majuma matatu, sauti inayokwaruza bila mafua, au kikohozi kisichokwisha, upelekwe kwa mganga wa hospitali. Usitiwe dawa ya jirani na kusubiriwa.

Tano, anayetaka kuacha asaidiwe, asichekwe. Apewe kitu cha kushika mikono na kitu cha kutafuna, na watu wa nyumbani wakae naye saa ile ambayo alizoea kuvuta. Mke wangu huniletea karanga za kubambua, na huwa tunabambua pamoja.

Kuhusu mchanganyiko wa Kashikishi, sitasema kwamba ni mbaya kuliko mwingine wowote. Nimeuvuta, nao unavutika. Ila mwenye kuununua kwa sababu ya bei yake ndogo, na ahesabu kwanza anavuta viko vingapi, na atazame ni nani anayemletea moto.

Wiki ijayo, inshallah, tutazungumza juu ya kuhifadhi dagaa wakavu wakati wa mvua wasishikwe na ukungu, jambo ambalo mama mkubwa amenifundisha kwa ukamilifu. Mpaka hapo, nawatakieni heri nyumbani kwenu.